Moto Tulioufungia Kinywani

Kama una kidonda kwenye kaakaa, pale juu ndani ya kinywa, na kimemaliza mwezi hakijapona, usisome haya kwanza. Nenda ukakionyeshe. Haya utayasoma ukiwa kwenye foleni, na foleni zipo, muda utaupata.

Mimi ninauza sambaza, dagaa wa ziwa Kivu, kwenye soko la Kituku. Watu wetu wametoka upande wa Bukavu, lakini nimekulia Goma, mtaa wa Murara, mikononi mwa Shangazi, dada yake baba, baada ya mama kufariki. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchagua samaki, kusali rozari, na kubishana na wavuvi bila kutukana mama zao. Ndiye aliyenifundisha pia kuvuta sigara, na namna ya kuivuta.

Unaiwasha kama watu wote. Ikishika, unaigeuza, unaingiza upande wenye moto ndani ya kinywa na kufunga midomo. Ulimi unajifunza kukaa chini. Majivu mengine unatema, mengine unameza. Nje hakuonekani kitu isipokuwa kile kipande cheupe, nacho ukitaka unakifunika na kiganja. Akina mama wengi wa ziwa wanavuta hivyo. Ukiwa ndani ya mtumbwi upepo hauizimi, ukiwa na mikono ndani ya samaki haikusumbui, na hakuna wa kukuita mwanamke wa barabarani, maana hakuna anayekuona.

“Moshi ya inje njo inaletaka maneno,” Shangazi aliniambia nikiwa msichana. “Funga kinywa.”

Nikafunga. Wanasema panapofuka moshi hapakosi moto. Sisi tulikuwa na moto, moshi tuliumeza.

Mambo yalianza wakati wa kiangazi. Kaakaa lilikuwa limekauka kama ganda, upande wa kushoto, na nilipokula bugali ya moto nilihisi kitu kinakwaruza. Sikumwambia mtu. Saa kumi na mbili za asubuhi nilikuwa hangarini, kwenye banda la soko kando ya maji, kama kawaida, tukisubiri mitumbwi. Nilijua msemo wa mficha maradhi, niliwahi hata kumwambia jirani. Kwangu mwenyewe niliona ni msemo tu.

Halafu ikaja sikukuu ya komunyo ya kwanza nyumbani kwa Mama Zawadi. Huyu meza yake iko karibu na yangu sokoni. Tulikuwa tumegombana juu ya mteja mmoja wa hoteli ambaye alihama kwangu akaenda kwake, tukanyamaziana majuma kadhaa, na siku ile alinialika ili yaishe. Alinimiminia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akanipa kwa mikono miwili. Sasa kwetu mtu anayekupa kinywaji anakionja kwanza mbele yako, ili ujue hakina kitu. Tunasema anatoa sumu. Mama Zawadi alikuwa ameweka nadhiri kanisani kutokunywa pombe, kwa hiyo hakuonja. Nilijua nadhiri yake. Nikanywa, na ile kasiksi ikanichoma kaakaa mpaka machozi yakanitoka. Ilikuwa lazima ichome, kidonda kilikuwepo tayari. Lakini Shangazi alikuwa amekaa mbele yangu na aliyaona yale machozi.

Mvua zilipoanza nilikuwa nimekonda. Sketi nilizifunga na kamba. Kidonda kilitoa harufu, na nilijifunza kuongea nikigeuza uso pembeni. Siku moja Shangazi alinikalisha uani, akanishika mkono, akauzungusha kama anayepima kuku wa kununua.

“Ni karuho,” alisema.

Karuho ni sumu ya polepole. Unapewa leo, unaisha mwakani. Hapa kwetu kila mtu ana ndugu ambaye wanasema aliondoka hivyo.

“Shangazi, niko na kidonda tu.”

“Kidonda haimalizake mutu nyama ya mwili. Ule mama alikupatia kinywaji bila kuonja. Mimi nilimuona na macho yangu.”

Sikubisha. Nataka mnaosoma muelewe hili, kwa sababu wengi mtapita hapo hapo: karuho ilikuwa rahisi kuliko kwenda kufungua kinywa mbele ya daktari. Nikafuata. Tulienda kwa mganga ng'ambo ya Mugunga, akanipa dawa za majani za kunitapisha. Nilitapika mvua zote zile. Kutapika na kidonda kaakaani, sina la kusema juu yake. Nilikuwa nikimaliza, ninajipangusa, na Shangazi anachungulia ndani ya beseni akitafuta ile sumu. Alidai ameiona mara mbili.

Wakati huo huo soko lilikuwa limeshapata habari. Watu waliacha kununua kwa Mama Zawadi. Sambaza zake zilikauka mezani, nzi juu, na yeye amekaa nyuma yake mgongo wima. Vijana wakaanza kurusha mawe juu ya bati la nyumba yake. Nilisikia haya yote na sikusikia kitu rohoni. Nilikuwa kama mtu anayesimuliwa habari za mji mwingine.

Aliyenipeleka hospitali ni binti yangu Solange. Yeye ni karani kwenye duka la simu na hana subira na majani. Shangazi alitufuata. Chumba cha kusubiria kilikuwa na mabenchi ya mbao, mtoto anayekohoa, na kibao ukutani kwa Kifaransa na Kiswahili: hapa hakuna kuvuta sigara. Mlinzi wa mlangoni alikuwa mkali, alimtoa nje mzee mmoja aliyekuwa ameishika tu vidoleni, hajaiwasha. Shangazi alikaa chini ya kile kibao, kitenge mabegani, rozari mkononi, mdomo umefungwa. Mlinzi alipita mbele yake, akamsalimia kwa heshima, naye akaitikia kwa kichwa. Nililiangalia shavu lake na nikajua moto uko ndani. Nilicheka kidogo. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kucheka bila hewa kutokea puani.

Daktari, msichana wa umri wa Solange, alinimulika kinywani. Kisha akauliza:

“Mama anavutaka?”

“Sisi?” Shangazi akamjibu kabla sijafungua midomo. “Bamama ba kusali? Hapana, Dokta.”

Mimi nikanyamaza, na Solange hakujua. Nyumbani tulivutia msalani.

Walikata kipande cha nyama wakakipeleka kupimwa. Ndege hazikuwa zikiruka kwa sababu ya vita, barabara haikuwa ya kuaminika, kile kipande kilizunguka chenyewe nisikojua. Niliyasubiri majibu kuanzia mwezi mweupe mpaka mwezi mweupe mwingine. Sisi wa sambaza tunahesabu hivyo, maana mbalamwezi ikiwa kali taa za wavuvi hazivuti samaki, na watu wote wanapumzika. Noeli ikapita. Majibu yalipofika yalikuwa kansa. Solange alilia pale pale. Mimi nilimuuliza daktari kama ninaweza kuendelea kula pilipili. Usimcheke mtu anayeuliza vitu kama hivyo, hakuna anachosikia kingine.

Kuhusu Bukavu nitasema kifupi. Tulienda na bato, meli ya ziwani, mimi na Solange, wakati wa masika. Daktari wa kupasua alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Aliniangalia kinywani muda mrefu, jioni ya kuamkia operesheni, halafu akavua miwani.

“Mama, sigara unavutaka namna gani? Moto inje ao moto ndani?”

Hakuuliza kama ninavuta. Nikakosa mahali pa kujificha.

“Ndani,” nikasema.

“Nilijua. Bamama ba ziwa, mu kinywa yabo iko inaonekana vile vile.”

Solange alinitazama kama amekuta mtu mwingine ndani ya nguo zangu. “Dokta,” akauliza, “kwa hiyo haiko sumu?”

“Sumu iko. Lakini hakuna mutu alimupatia. Alijinunuliaka yeye mwenyewe ku kiyoske, moja moja.”

Ndipo nilipomkumbuka Mama Zawadi na lile bati lake. Nilijua la kufanya: nikirudi, niseme. Asubuhi yake walinipasua, wakatoa kaakaa upande wa kushoto pamoja na meno yake. Nilipoamka sikuwa na sauti ya kusema chochote.

Ninaeleza, kwa sababu hakuna aliyenieleza. Kukiwa na tundu pale juu, kinywa na pua ni chumba kimoja. Unakunywa uji, unatokea puani. Unasema “maji”, inatoka “mhanhi”. Shavu likashikwa na ganzi, na mpaka leo ninaweza kuwa na uji kidevuni nisijue. Wiki za kwanza niliona aibu, kisha aibu nayo ikashikwa na ganzi. Vizuri vilikuwepo, vidogo. Nesi mmoja alinikatia mrija wa soda ukawa mfupi, akanifundisha kunywa nikiwa nimeinamisha kichwa upande wa kulia. Mama wa kitanda cha pili, ambaye ulimi wake ulikuwa umekatwa nusu, alikuwa akinigongea chuma cha kitanda kila asubuhi kunisalimia, nami ninamgongea. Tulikaa hivyo kama majirani wa miaka mingi. Jina lake sikuwahi kulisikia.

Solange alimpigia Shangazi simu kumweleza yote. Nilisikia jibu, maana Shangazi akiwa kwenye simu anasikika wodi nzima.

“Dokta wa Bukavu anajua nini juu ya mambo ya soko ya Goma? Mama yako aseme yeye mwenyewe. Hapo njo nitasikia.”

Tulirudi Goma mvua zinaisha. Mama Zawadi alikuwa amehama Murara na watoto wake, amepata chumba kwa ndugu upande wa Mugunga. Bado alikuwa akija Kituku, akitembea kwa miguu, kwa sababu wenye moto, zile pikipiki za abiria, walimkataa, na anauzia tu wapita njia wasiomjua. Solange alizunguka sokoni akisema mama yangu hakupewa sumu. Wakamwambia ni mtoto, anamwogopa mchawi. Mimi nikaandika kwenye karatasi. Shangazi hasomi, na soko haliamini karatasi.

Miezi ile yote Shangazi ndiye aliyekuwa kinywa changu. Alinipikia uji, akanipangusa kidevu, akanilaza, na kila mgeni aliyeingia alimwambia mimi nimesema nini. Ninamwangalia mgeni, ninatoa sauti zangu za puani, naye anatafsiri: “Anasema Mungu atamulipa ule mama.” Nilikuwa nikitikisa kichwa mpaka mishono inauma. “Muone,” anasema, “bado iko inamuumiza.” Ningemchukia ingekuwa rahisi. Lakini mikono iliyonipangusa ilikuwa yake, na nilijua anaogopa nini: kama si kasiksi, basi ni yeye.

Kilichobaki kilikuwa apareyi. Ni kibao cha plastiki chenye meno, kinaziba lile tundu, unakivaa na kukivua kama kifuniko. Fundi wa meno wa Bukavu alinichukua vipimo kwa udongo mwororo, akasema nisubiri nyama zinywee. Nilisubiri kiangazi chote. Kila mwezi mweupe nilirudi Bukavu, anakisugua, ninakijaribu, kinaniumiza, anakisugua tena. Niliogopa jambo moja tu: kwamba siku nitakayopata maneno Mama Zawadi atakuwa ameshauawa. Ninasema niliogopa, lakini hata woga wenyewe ulikuwa mbali, kama redio ya jirani.

Kilipokaa sawasawa, Solange aliniambia niseme Baba Yetu. Nikaisali yote. Ilitoka puani nusu, lakini ilikuwa Baba Yetu. Solange akaniinamia magotini akalia. Kesho yake asubuhi nilienda hangarini.

Akina mama walikuwa wamekaa juu ya makreti, mabeseni matupu, wakisubiri mitumbwi. Mama Prezida, mwenyekiti wa komite yetu ya soko, alikuwepo. Mama Zawadi alikuwa pembeni, peke yake. Shangazi alikuwa mbele, mahali pake pa siku zote.

“Munisikie,” nilisema. “Sikulishwa karuho. Mama Zawadi hakunifanya kitu. Ni sigara. Ninavutaka moto ndani tangu musichana, na dokta aliniambia mbele ya kunipasua.”

“Sema tena, hatusikie!” mmoja akapiga kelele.

Nikasema tena, polepole. Mwingine, nyuma, akasema: “Bamemulipa.”

Basi nikatoa apareyi, nikaishika mkononi, nikawasha tochi ya simu na kufungua kinywa. Nilipita mbele yao, mmoja baada ya mwingine. Wengine walifunika macho. Wengine walitazama, na niliwaona wale wanaovuta kama sisi, kwa sababu ulimi wao ulienda wenyewe juu kupapasa. Nilipomaliza nilirudisha kibao mahali pake. Sikuona aibu wala ushujaa. Nilisikia njaa.

Mama Prezida alisimama. “Kuanzia leo hakuna sigara mu hangari. Ya inje, ya ndani, yote.”

“Na ile ya ndani, nani ataiona?” mtu akauliza, na watu wakacheka.

“Nitakuwa minasalimia kila mutu. Mwenye hajibu, atoke.” Akageuka hapo hapo, kwa heshima yote. “Shangazi, bonjour.”

Shangazi hakujibu. Mdomo umefungwa, macho mbele. Hangari nzima ilisubiri. Kisha akainuka, akaokota beseni lake na kutoka kuelekea majini. Mpaka leo Mama Prezida anatusalimia hivyo kila asubuhi. Wako walioacha kwa sababu hiyo tu, kwamba wamechoka kuinuka.

Mama Zawadi alikuwa bado amekaa. Nilimwendea. Nilitegemea alie, au anitukane.

“Mimi nilikuwa najua toka mwanzo,” aliniambia. “Si mimi njo sikuwa najua. Kuya uambie batoto yangu. Ku masomo banaitwaka batoto ba mulozi.”

Jumapili baada ya misa nilikuta Shangazi mlangoni, amevaa kitenge cha sikukuu. Hatukuwa tumeongea tangu hangarini. “Twende,” akasema. Ombi la Mama Zawadi alikuwa amelisikia kwa Solange, sikumuuliza kwa nini anakuja. Tukapanda moto mbili, barabara ya Sake, mashimo yake na mawe ya volkano, tukashuka kwenye chumba cha mabati. Mama Zawadi alitukaribisha viti, yeye akabaki amesimama. Watoto walikuwa wanne kitandani. Mkubwa, Zawadi mwenyewe, yuko shule ya sekondari, alikuwa na kitabu magotini na hakukifunga.

Nikaanza kusema. Lakini mitikisiko ya njiani ilikuwa imelegeza apareyi, na maneno yote yakatokea puani. Yule mdogo akajificha nyuma ya dada yake. Nilijaribu tena, ikawa vibaya zaidi.

Zawadi akamwangalia Shangazi. “Anasema nini?”

Moyo wangu, ambao ulikuwa umelala mwaka mzima, ukadunda. Angeweza kusema lolote. Alikuwa amezoea.

Shangazi alitazama mikono yake. “Anasema hakupewa sumu,” akajibu. Mama Zawadi hakumsaidia, wala mimi. “Mama yenu haiko mulozi. Mimi njo nilisema vile, ku soko, kwa kila mutu. Haikukuwa kweli. Ni sigara. Na sigara, mimi njo nilimufundisha. Alikuwa mutoto sawa wewe.”

Zawadi hakulia wala hakushukuru. Aliweka kitabu chini, akaenda kufungua mlango wote, akaita nje: “Mama Aline! Kuya usikie.” Jirani akaingia akijipangusa mikono, na msichana akamgeukia Shangazi.

“Sema tena.”

Shangazi akasema tena. Sauti ilikatika katikati, akaanza upya tangu mwanzo. Nilimwonea huruma, na ilinichoma, na sikumzuia. Alipomaliza, akina mama wengine wawili walikuwa wameshaingia na wanauliza kuna nini, na Zawadi alikuwa bado mlangoni, anaita wa nyumba ya tatu.